Umeme wa Anga Juu ya Milima ya Magdalena: Simulizi ya Safari ya Vipimo

Jumapili

Ndege inayopaa kupima umeme wa angahewa haihitaji radi ili ipate kazi. Hata siku ambayo anga ni safi na hakuna wingu hata moja, karibu na ardhi kuna uga wa umeme wa volti 100 hivi kwa kila mita ya kimo, nao hupungua kadiri unavyopanda, mpaka ukifika kilomita kumi zinabaki volti chache tu kwa mita. Ukizijumlisha volti hizo zote kuanzia ardhini hadi kwenye ionosfera, tabaka la juu linalopitisha umeme vizuri, unapata tofauti ya takriban volti 250,000. Kikundi nilichojiunga nacho kimekuja katika mji wa Socorro, jimbo la New Mexico, Marekani, ili kuipima tofauti hiyo kwa ndege nyakati za asubuhi, na kuyapima mawingu ya radi nyakati za mchana.

Mahali hapa hapakuchaguliwa ovyo. Socorro umekaa katika bonde la mto Rio Grande, kwenye kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa magharibi imesimama Milima ya Magdalena inayozidi mita 3,000. Miezi ya Julai na Agosti upepo wenye unyevunyevu huingia kutoka kusini, jua la asubuhi huipasha moto miteremko ya milima, na ifikapo adhuhuri wingu huwa limeanza kukua palepale lilipokua jana. Mtafiti wa radi huku halikimbilii wingu; hulisubiri. Ndiyo sababu Langmuir Laboratory, kituo cha utafiti wa radi cha chuo cha New Mexico Tech, kilijengwa juu ya milima hiyo mwaka 1963.

Nimetoka Albuquerque kwa gari, mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kuelekea kusini, katika nchi kavu ya vichaka vifupi na udongo mwekundu. Aliyenipokea ni mtafiti kijana mwenyeji wa Bukavu anayesomea hapa Marekani, na Kiswahili chake cha Kivu kimeelewana na changu cha Mwanza bila taabu yoyote. Kesho tunaanza na ndege yenyewe.

Jumatatu

Kutwa nzima tumekuwa ndani ya banda la ndege, na sidhani kama kuna namna bora zaidi ya kuifahamu kazi hii. Ndege ni ndogo, ina injini mbili za pangaboi, na chumba chake hutiwa shinikizo la hewa kiasi cha kuiwezesha kufika kimo cha kilomita 9. Imefungwa vipima uga vitano: kimoja mgongoni, kimoja tumboni, viwili ubavuni karibu na pua, na kimoja mkiani.

Kipima uga ni chombo chepesi kukieleza lakini kigumu kukitunza. Ndani ya kopo la chuma kuna visahani vya kupokea chaji, na juu yake huzunguka kifuniko chenye mapengo kilichounganishwa kwa umeme na mwili wa ndege. Pengo likipita juu ya sahani, uga wa nje huivutia chaji; kifuniko kikipita, sahani hufichwa na chaji huondoka. Chaji hiyo inayokuja na kuondoka mara nyingi kwa sekunde ni mkondo mdogo wa umeme, ambao ukubwa wake hueleza nguvu ya uga, na wakati wake ukilinganishwa na mzunguko wa kifuniko hueleza kama uga unaelekea ndani au nje. Mdudu mmoja aliyepondeka juu ya kihami, yaani kipande kisichopitisha umeme, au mafuta kidogo ya injini, hutosha kuharibu yote hayo, kwa hiyo fundi wetu alivifungua vyote vitano, akavisafisha kwa alkoholi, akavikausha, kisha akahakikisha kwamba kila kifuniko kinagusana barabara na chuma cha ndege hata kikiwa katika mwendo wa kasi.

Kwa nini vitano? Yasiyojulikana ni manne: sehemu ya uga iliyo wima, sehemu inayokwenda kuelekea mbele, sehemu inayokwenda ubavuni, na chaji ya ndege yenyewe. Hili la nne ndilo linaloipa kazi yetu ugumu wake. Moshi wa injini hubeba chaji na kuiacha ndege na chaji ya kinyume; matone ya mvua na chembe za barafu zikigonga ngozi ya ndege huiachia chaji nyingine, na ndani ya mawingu ya barafu ndege huweza kufikia makumi au hata mamia ya maelfu ya volti ikilinganishwa na hewa inayoizunguka. Kuupima uga wa siku tulivu ukiwa juu ya chombo kama hicho ni kusikiliza mnong'ono huku unatwanga kisamvu.

Njia ya kuvitenganisha viwili hivyo ni nzuri, na nilimwomba kiongozi wetu anieleze polepole ingawa nilikwisha kuisoma. Uga wa nje ukiwa wima, kipima uga cha mgongoni na kile cha tumboni huonyesha alama zinazopingana, kwa sababu kwa kimoja uga unaingia na kwa kingine unatoka. Chaji ya ndege, kinyume chake, huusukuma uga utoke pande zote kwa pamoja, hivyo vipima vyote huonyesha alama ileile. Tofauti kati ya mgongo na tumbo ni habari za anga. Kinachofanana kati yao ni habari za ndege. Kipima cha tano ni cha kuhakikishia: kikipingana na vile vinne vingine, kuna kitu kimeharibika na safari hiyo haiaminiki.

Tatizo la chaji ya ndege liliwasumbua kwanza marubani, si wanafizikia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Marekani zilizopita katika theluji na mawingu ya barafu zilijikuta redio zao zimezibwa na kelele, kwa sababu chaji iliyokusanyika ilikuwa ikivuja kwa cheche ndogondogo kutoka kwenye ncha za mabawa na antena. Mwaka 1943 jeshi la nchi kavu na la majini yalianzisha mradi wa pamoja wa kulichunguza jambo hilo, ukiongozwa na mwanafizikia Ross Gunn, na kikundi chake kilitumia vipima uga kwenye ndege kwa ajili hiyo. Vijiti vyembamba vinavyoonekana leo kwenye ukingo wa nyuma wa bawa la ndege ya abiria ni vya kuimwaga chaji hiyo kimyakimya, kabla haijaanza kutoa cheche karibu na antena.

Jumanne

Leo tumeruka kwa mara ya kwanza, na yote yamekuwa ya kusawazisha vipimo. Tuliondoka saa moja asubuhi hewa ikiwa bado imetulia, tukaelekea magharibi hadi juu ya uwanda wa San Agustin, ambako antena kubwa 27 za darubini ya redio ya Very Large Array zimepangwa kwa mikono mitatu jangwani. Upande wa mashariki haukutufaa: huko kuna anga iliyofungwa ya eneo la majaribio ya makombora la White Sands.

Rubani aliishika ndege katika kimo kimoja, akailaza upande wa kulia, akairudisha, akailaza upande wa kushoto, akarudia tena na tena bila kuiacha njia yake. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa kuinua pua na kuiinamisha. Tumbo la msafiri asiyezoea halifurahii, lakini maana yake ni hii. Uga wa siku tulivu uko wima. Ndege ikiwa sawasawa, uga wote unapaswa kuonekana kuwa wa wima. Ikilala kwa pembe fulani, sehemu ya uga huo inapaswa kuonekana kuwa ya ubavuni, kwa kiasi kilekile kinachotolewa na hesabu ya pembe. Tunajua jibu kabla ya kuuliza swali, kwa hiyo kila vipimo vinapokosea tunazirekebisha namba za matriki yetu, yaani jedwali linalogeuza visomo vya vipima kuwa uga wa anga na chaji ya ndege, hadi hesabu na vipimo vikubaliane.

Halafu ikaja zamu ya chaji. Mkiani kuna kijiti chenye ncha kali kinachounganishwa na mtambo wa volti nyingi, nacho huimwaga chaji hewani na kuiacha ndege na chaji ya kinyume. Mtambo ukiwashwa, vipima vyote vitano huruka kwa pamoja ingawa anga haijabadilika hata kidogo, na kutokana na mruko huo tunajua kila kipima kinaathiriwa kiasi gani na chaji ya ndege kulingana na mahali kilipo. Cha mkiani kiliruka zaidi ya vyote, jambo ambalo lilitarajiwa, kwa kuwa kiko karibu na ncha.

La mwisho lilikuwa kutafuta kipimo halisi. Ndege ni pande la chuma, na chuma huukusanya uga kwenye sehemu zake zilizochongoka, kwa hiyo namba inayosomwa kwenye pua huwa kubwa kuliko uga ambao ungekuwepo pale kama ndege isingekuwepo. Tulipita mara kadhaa juu ya kipima uga kilichofukiwa usawa wa ardhi katika eneo tambarare, chini kiasi cha kulinganisha lakini si chini mno, maana ardhi ikikaribia sana nayo huupinda uga. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kazi inayostahili heshima kubwa kuliko zote. Ripoti ya vipimo vya angani inayotaja volti kwa mita bila kueleza ndege ilisawazishwaje, mimi huisoma kwa shaka, hata ikiwa imeandikwa na watu mashuhuri.

Jumatano

Hii ndiyo siku niliyoisafiria.

Tumepaa saa kumi na mbili asubuhi, mara tu jua lilipochomoza, tukapanda kwa mzunguko mpana kutoka karibu na ardhi hadi kilomita 9, kisha tukarudia mpando uleule kuanzia saa nne kabla mawingu hayajakua. Ndani ya ndege hakuna cha kutazama isipokuwa mistari kwenye kompyuta, lakini mistari hiyo ilinifanya nisahau baridi. Karibu na ardhi uga ulikuwa mkali na wenye kutikisika; juu ya mita 3,000 ulishuka hadi makumi machache ya volti kwa mita na kutulia; juu ya kilomita 6 ulikuwa umekonda hadi karibu volti 10, nao ukaendelea kukonda kwa mwendo laini uleule hadi mwisho wa mpando.

Uga hupungua kwa kupanda kwa sababu hewa ya juu hupitisha umeme vizuri zaidi. Miale ya kosmiki kutoka anga za mbali huvunja molekuli za hewa na kuzifanya ioni, yaani chembe zenye chaji, na huko juu ioni hizo huenda kwa wepesi. Huku chini zinakamatwa na vumbi na moshi, ingawa gesi ya radoni inayotoka ardhini nayo huongeza nyingine. Mkondo unaoshuka ni mdogo mno, takriban pikoampea 2 (trilioni mbili za ampea, yaani sehemu mbili kati ya trilioni) kwa kila mita ya mraba, nao hupita tabaka zote bila kubadilika sana; kwa hiyo penye hewa inayokataa umeme uga lazima uwe mkubwa, na penye hewa inayokubali uwe mdogo. Mbele ya ndege tumefunga silinda ya Gerdien, bomba linalopitisha hewa katikati ya elektrodi mbili, ili upitishaji huo upimwe sambamba na uga. Kilomita mbili za kwanza juu ya ardhi hubeba sehemu kubwa ya volti zote, na ndizo zenye vurugu nyingi za vumbi, ndiyo maana rubani alianza mpando chini kadiri sheria za usafiri wa anga zilivyomruhusu.

Jumla ya volti katika mipando yote miwili iliangukia ndani ya kiwango kinachofahamika, kati ya kilovolti 200 na 300, na mpando wa saa nne ulikuwa juu kidogo kuliko ule wa alfajiri. Tofauti hiyo ndiyo iliyonileta hapa, kwa sababu haihusiani na New Mexico. Ionosfera hupitisha umeme vizuri kiasi kwamba volti zake hulingana karibu duniani kote kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mwanafizikia Mskoti C. T. R. Wilson alipendekeza kwamba mawingu ya radi na ya mvua ya dunia nzima ndiyo yanayoisukuma chaji juu na kuitunza hali hiyo, huku hewa tulivu kila mahali ikiirudisha ardhini polepole. Meli ya utafiti Carnegie, iliyojengwa kwa mbao ili isivuruge vipimo vya sumaku, ilipima uga juu ya bahari kuu kote, na katika safari yake ya mwisho ya 1928 na 1929 ikaonyesha kwa uwazi kwamba uga hupanda na kushuka kwa saa zilezile popote meli ilipokuwa: chini kabisa karibu saa tisa usiku kwa saa za Greenwich, na juu kabisa karibu saa moja jioni kwa saa hizohizo. Mawingu ya Asia ya kusini-mashariki yanachangia mapema, ya Afrika yanafuata, na ya Amerika yanafunga siku.

Saa kumi na mbili asubuhi hapa Socorro ni saa tisa alasiri Mwanza. Saa nne asubuhi hapa ni saa moja jioni Mwanza, na katika bonde la Kongo ni jioni pia, wakati ambapo mawingu ya Afrika yamekwisha kukomaa. Tulichokipima kati ya mpando na mpando, kwa sehemu, ni alasiri ya Afrika. Nilipomwambia mwenzangu hivyo alitabasamu, kisha akanirekebisha kwa upole: "Lakini dada, kwetu Kivu mwezi huu ni kiangazi. Radi zimehamia kaskazini." Ni kweli kabisa. Julai ukanda wa mvua uko kaskazini ya ikweta, kuelekea Afrika ya Kati, Sudani Kusini na nyanda za Ethiopia. Kivu, ambako takwimu za setilaiti zilizochambuliwa mwaka 2016 ziliiweka Kabare katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela, ikiwa na radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, hupata zamu yake miezi mingine.

Mipando miwili haithibitishi kitu, na hakuna mtu katika kikundi anayedai hivyo. Mtafiti Ralph Markson aliifanya kazi hii kwa ndege ndogo kwa miongo kadhaa, hasa juu ya bahari karibu na Bahama ambako hewa ya juu ni safi zaidi, na uzito wa matokeo yake unatokana na mipando mingi iliyolinganishwa kwa uvumilivu. Lakini nimeshika kwa mikono yangu kipimo kimoja katika mfululizo huo, na nimeelewa kwa nini mtu anaweza kuutolea maisha yake.

Alhamisi

Ndege inakaguliwa, hivyo tumepanda mlimani kwa gari kupitia bonde la Water Canyon. Barabara ni mbovu na miti hubadilika kadiri unavyopanda, kutoka vichaka vya jangwani hadi misonobari. Kituo cha Langmuir kipo juu ya mita 3,200, na mtu wa pwani huhema akitembea.

Hapa ndipo watafiti wa radi Charles Moore na Bernard Vonnegut walipobishana na maumbile kwa miaka mingi kuhusu jinsi wingu linavyojipatia chaji. Wengi leo wanakubali kwamba kazi kubwa hufanywa na barafu: ndani ya wingu, penye baridi chini ya nyuzi 10 za sentigredi za hasi, chembe nzito za barafu zilizojaa matone yaliyoganda hugongana na fuwele ndogo, chembe nzito hubaki na chaji hasi na kuelea katikati ya wingu, fuwele nyepesi hubeba chaji chanya hadi kileleni. Tulionyeshwa chumba cha chuma chini ya ardhi ambamo watafiti hukaa salama wakati roketi ndogo yenye waya inarushwa ili kuichokoza radi iteremke. Tuliona pia antena za mtandao wa kuchora radi, uliobuniwa New Mexico Tech katika miaka ya 1990: kila cheche ndani ya wingu hutoa mlio wa redio, antena nyingi huusikia kwa nyakati zinazotofautiana kwa sehemu ndogo sana za sekunde, na tofauti hizo huonyesha njia ya radi ndani ya wingu kwa usahihi wa makumi ya mita. Kesho mtandao huo utakuwa macho yetu.

Ijumaa

Saa sita na nusu mchana mnara wa kwanza wa wingu ulipanda juu ya Magdalena na kuvuka kilomita 7, na sisi tulikuwa tayari hewani upande wa magharibi. Hatuingii ndani ya wingu la radi. Ndege pekee zinazofaa kwa hilo ni zile zilizoimarishwa kwa makusudi, kama T-28 ya South Dakota School of Mines, ambayo ilivikwa bamba za kuzuia mvua ya mawe na kupenya mawingu kuanzia 1970 hadi 2003, au F-106B ya NASA, ambayo kati ya 1980 na 1986 ilipigwa na radi mara 714 ili kupima mkondo unaopita kwenye ngozi ya ndege. Programu hiyo na nyingine za miaka hiyohiyo zilifunza jambo ambalo kila rubani anapaswa kulifahamu: sehemu kubwa ya radi zinazoipiga ndege, karibu tisa katika kumi, huanzishwa na ndege yenyewe, kwa kuwa chuma chake chenye ncha huukusanya uga uliokwisha kuwa mkali. Roketi nayo ni hivyohivyo. Apollo 12 ilipigwa mara mbili ndani ya dakika ya kwanza ya kupaa Novemba 14, 1969, ikapona. Atlas-Centaur 67 ilipigwa Machi 26, 1987 na kuangamia pamoja na setilaiti yake. Vipimo vya ndege juu ya Florida vilivyofuata vilitumika kuandika sheria za kurusha roketi.

Tulipita ubavuni mwa wingu kwa umbali ambao rubani aliupanga na kuulinda kikamilifu. Mwanzoni uga ulikuwa ule wa siku tulivu. Kwenye mpito uliofuata ulikuwa umegeuka mwelekeo. Muda mfupi baadaye ukawa maelfu ya volti kwa mita, ilhali wingu bado halijatoa hata radi moja. Kisha mtandao wa mlimani ukaonyesha radi ya kwanza, ndani ya wingu, kati ya chaji hasi iliyokuwa kwenye kilomita 6 au 7 na chaji chanya juu yake, na kwenye kompyuta yetu mstari wa uga ulikatika kwa mruko mmoja wa ghafla, halafu ukaanza kujiinua tena kwa mkunjo laini. Mruko ni chaji iliyofutwa na radi. Mkunjo ni wingu linalojichaji upya. Kila radi iliyofuata iliacha alama hiyohiyo, na kadiri wingu lilivyokua ndivyo mkunjo ulivyokuwa mkali zaidi. Kwa macho, radi ilikuwa mwanga hafifu tu nyuma ya ukuta mweupe. Kwenye mstari ilikuwa na mwanzo, ukubwa na kipindi chake cha kupona, na tofauti kati ya kuiona na kuipima haijawahi kunidhihirikia kama leo.

Karibu saa nane kilele kilitandaa kuelekea mashariki, na rubani akakubali kupita kwenye ukingo mwembamba wa utando huo wa barafu, mbali na kiini cha wingu. Ndani ya sekunde chache vipima vyote vitano vilipanda kwa alama moja, yaani barafu ilikuwa inaipa ndege chaji. Kwa muda matriki ya Jumanne ilifanya kazi yake: chaji ya ndege ilitolewa, na chini yake uga halisi wa anga ulibaki unasomeka. Halafu kelele zikaingia kwenye redio, mistari ikaanza kutetemeka, na kiongozi akaandika saa na neno "tupa". Chaji ilikuwa imeanza kuvuja kwenye ncha za mabawa, na wingu la ioni linalotokana na mvujo huo hukaa karibu na vipima na kuvidanganya kwa namna ambayo hakuna matriki inayoweza kuirekebisha. Dakika zile hazitatumika kamwe, ingawa namba zake ndizo zilizokuwa kubwa kuliko zote za siku hii, na nadhani ni sawa.

Tulipotua, mvua ilikuwa imekwisha milimani, na kipima uga cha ardhini kilikuwa kikionyesha uga ukiyumba taratibu kutoka hasi kwenda chanya na kurudi hasi, mzunguko mpana unaotokea wingu la radi linapokufa na tabaka zake za chaji kufunuliwa moja baada ya nyingine.

Jumamosi

Upepo umegeuka, hewa kavu imeingia, na wingu lililoanza lilinyauka kabla ya kufika kilomita 6. Hatukuruka.

Mchana tulizungumza kuhusu ndege ya ER-2 ya NASA, ambayo hupita juu ya mawingu badala ya ubavuni, kwenye kimo cha kilomita 20. Julai 2023 ndege hiyo, katika kampeni ya ALOFT iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Bergen, iliruka kutoka karibu na Tampa, Florida, ikipima miale ya gama pamoja na uga wa umeme, na matokeo yaliyochapishwa Oktoba 2024 yalionyesha kwamba mawingu makubwa ya tropiki huweza kutoa miale ya gama kwa saa nyingi, yakichemka na kutulia, na kwamba kuna mimweko ya kupepesa ambayo ilikuwa haijafahamika hapo kabla. Elektroni zinazoharakishwa na uga wa wingu ndizo chanzo. Kazi zote kama hizo zimejengwa juu ya ile ya watafiti O. H. Gish na G. R. Wait, waliopita juu ya mawingu ya radi kwa ndege ya B-29 miaka michache baada ya vita na kuonyesha, mwaka 1950, kwamba kweli mkondo unapanda kutoka kilele cha wingu kama Wilson alivyotabiri.

Jumapili

Nimeipitia mipando ya Jumatano tena kwa hesabu safi, na tofauti kati ya alfajiri na saa nne imebaki, ingawa imepungua baada ya kuondoa tabaka la vumbi la chini. Imeingizwa kwenye faili pamoja na maelezo ya usawazishaji wote, na nakala ya namba za matriki imeambatanishwa ili mtu mwingine aweze kuihesabu upya kuanzia mwanzo.

Jioni nimekaa na ndugu wa Bukavu tukaandika pendekezo letu. Tumeanzia kwenye mkusanyiko wa vipimo vya mipito takriban 850 ya ndege za NASA juu ya mawingu, ambao ulionyesha kwamba wingu la radi juu ya bahari husukuma juu wastani wa ampea 1.6, na la nchi kavu ampea 1.0, na kwamba mawingu ya mvua yasiyo na radi nayo husukuma mkondo: wastani wa ampea 0.39 baharini na 0.13 nchi kavu. Yakijumlishwa na takwimu za setilaiti kwa dunia nzima, yote yanakaribia ampea 2,000. Mawingu yasiyo na radi hayaonekani na setilaiti za radi, na mengi hayafiki kimo kikubwa, kwa hiyo ndege ndogo yenye vipima uga vitano inaweza kuyapita kwa juu bila kuhitaji kilomita 20.

Tumependekeza maeneo mawili. La kwanza ni pwani ya Tanzania na Kenya wakati wa masika, kati ya Mombasa na Mafia, asubuhi, ambako mawingu ya mvua huja kutoka baharini yakiwa mafupi. La pili ni ziwa Viktoria, ambako pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji usiku na kuzaa dhoruba zinazodumu hadi asubuhi, zikiwakuta wavuvi mbali na ufuo. Huko ndege haitapita juu ya kilele. Itazunguka dhoruba kwa mbali katika kimo cha kilomita 9, ikitoka Mwanza kabla ya mapambazuko, ikipita Ukerewe na kurudi kupitia upande wa Bukoba, na kipima uga kimoja cha ardhini kitafukiwa kisiwani ili ndege isawazishwe juu yake wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Silinda ya Gerdien ni lazima iwemo, kwa kuwa bila upitishaji wa hewa uga peke yake hauwezi kugeuzwa kuwa ampea. Mwenzangu ameongeza mstari wa mwisho: vipimo vya anga safi vifanyike juu ya ziwa, saa kumi na mbili jioni ikiwezekana, na vilinganishwe na mpando wa saa tatu asubuhi ya siku hiyohiyo hapa Socorro.